Nakivale: Lugha ya eneo inapokuwa si lugha ya mtoto

Sera ya elimu ya Uganda inataka mtoto wa kijijini ajifunze kusoma na kuandika kwa lugha ya eneo lake kabla ya kuingia katika Kiingereza. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, sera hiyo inakutana na watoto waliotoka Congo, Burundi, Rwanda na Somalia, ambao wengi wao huiona lugha ya eneo kuwa ngeni sawa na Kiingereza chenyewe. Makala haya yanaeleza pengo hilo lilivyotokea, linamgharimu nani, na njia zilizopo za kulipunguza.

Sera inasema nini?

Msingi wa sera ya sasa ni Waraka wa Serikali kuhusu Elimu wa mwaka 1992. Waraka huo uliagiza shule za vijijini zifundishe kwa lugha ya eneo kuanzia darasa la kwanza hadi la nne, kisha Kiingereza kichukue nafasi hiyo kuanzia darasa la tano. Shule za mijini ziliruhusiwa kutumia Kiingereza tangu mwanzo, kwa hoja kwamba mjini hukutana watu wa lugha nyingi na ni vigumu kuchagua moja bila kuziacha nyingine.

Utekelezaji ulichelewa. Mwaka 2007 ndipo mtaala mpya wa madarasa ya chini, uliopangwa kwa mada badala ya masomo, ulipoanza kutumika nchini kote. Chini ya mtaala huo, lugha ya eneo hutumika kufundishia katika darasa la kwanza, la pili na la tatu. Darasa la nne ni la mpito, na kuanzia la tano masomo yote hufundishwa kwa Kiingereza. Katika Ankole na Kigezi, yaani eneo linalozijumuisha Mbarara na Isingiro, lugha iliyoteuliwa ni Runyankore-Rukiga, yenye tahajia ya pamoja, kamusi, Biblia na vitabu vya kiada.

Katiba ya mwaka 1995 inaipa sera hiyo nafasi. Ibara ya 6 inakitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi, lakini inaruhusu lugha nyingine yoyote itumike kufundishia kama sheria itakavyoelekeza. Ibara ya 37 inampa kila mtu haki ya kuidumisha na kuiendeleza lugha yake.

Kwa mtoto wa Kinyankore anayeishi Kikagate au Ngarama, mpango huu una mantiki. Anaanza kusoma kwa maneno anayoyajua, anaelewa maana ya herufi, kisha anauchukua ujuzi huo na kuupeleka katika Kiingereza. Tatizo limejificha katika neno “eneo”. Kinachoamua lugha ya kufundishia ni mahali shule ilipojengwa, na hakuna hatua katika mpango huo inayomtaka mwalimu aulize mtoto anazungumza nini nyumbani.

Kijiji kwenye ramani, mji kwa lugha

Nakivale ilianza kupokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959, na inahesabiwa miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 185 kandokando ya Ziwa Nakivale, na limegawanywa katika kanda tatu: Base Camp, Juru na Rubondo. Wakazi wake ni zaidi ya watu 100,000. Wanyarwanda walifuatwa na Warundi, Wacongo, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengine, kila kundi likija na vita vya nchi yake. Mwaka 2025, baada ya waasi wa M23 kuiteka Goma mwezi Januari na Bukavu mwezi Februari, maelfu ya Wacongo walivuka mpaka na kuingia Uganda.

Uganda inahifadhi zaidi ya wakimbizi milioni 1.7, idadi kubwa kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na haiwafungii kambini. Familia hupewa kipande cha ardhi, huishi jirani na wenyeji, na watoto wa pande zote mbili hukaa dawati moja. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mtoto mkimbizi elimu ya msingi kwa masharti yale yale anayopewa raia.

Hapo ndipo mgawanyo wa mji na kijiji uliomo katika waraka wa 1992 unaposhindwa kufanya kazi. Kiutawala Nakivale ni mashamba, kwa hiyo lugha ya eneo ndiyo inayopaswa kutumika. Kwa mchanganyiko wa lugha zake, hata hivyo, inafanana na Kampala kuliko inavyofanana na vijiji vinavyoizunguka.

Mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya namna hiyo ana njia tatu mbele yake. Anaweza kufuata sera na kufundisha kwa Runyankore-Rukiga, jambo linalowaacha nyuma watoto wengi wa wakimbizi. Anaweza kuchukua Kiingereza kwa sababu si cha mtu yeyote darasani, na hapo mtoto mwenyeji anaipoteza haki ambayo sera ilimwahidi. Au anaweza kuchanganya, akirudia jambo moja kwa lugha mbili au tatu kadiri anavyozijua, huku kipindi kikimwishia. Walimu wengi hujikuta katika njia ya tatu, ingawa si sehemu ya mafunzo ya kawaida ya ualimu.

Kitabu kimoja, lugha tano

Mtu aliye mbali anaweza kudhani kwamba lugha za Kibantu za ukanda huu zinafanana kiasi kwamba mtoto atazoea baada ya wiki chache. Kufanana kupo. Kitabu ni “ekitabo” kwa Runyankore-Rukiga, “igitabo” kwa Kinyarwanda na Kirundi, na “kitabu” kwa Kiswahili. Maji ni “amaizi” kwa Runyankore, “amazi” kwa Kinyarwanda na Kirundi, na “mayi” katika Kiswahili cha mashariki mwa Congo. Mtoto wa Kirundi anayesikia maneno hayo ana pa kushika.

Kufanana huko huko pia huweza kupotosha. Mwalimu akisema “reeta” kwa Runyankore, anamtaka mtoto alete kitu. Mtoto wa Kirundi anasikia “Reta”, neno ambalo kwao maana yake ni serikali. Herufi nazo zina mitego yake: “ky” ya Runyankore hutamkwa karibu na “ch” ya Kiswahili, na “gy” hukaribia “j”. Mtoto aliyeanza kusoma kwa Kiswahili huko Uvira atazitamka herufi hizo kama alivyofundishwa, na atahesabiwa kuwa hajui kusoma.

Kwa mtoto Msomali, hata kamba hiyo nyembamba ya kushika haipo. Kitabu kwake ni “buug” na maji ni “biyo”. Kisomali kimeandikwa kwa herufi za Kilatini tangu mwaka 1972, lakini herufi “c” huwakilisha sauti ya ayn inayojulikana katika Kiarabu, na “x” ni “h” itokayo kooni. Mtoto anayeweza kuliandika neno “macallin”, yaani mwalimu, bila kosa tayari amejua kusoma. Mwalimu asiyejua kanuni za Kisomali hana namna ya kuligundua hilo.

Pengo linagharimu nini?

Gharama ya kwanza ni miaka. Katika sehemu kubwa ya mashariki mwa Congo, mtoto huanza shule kwa Kiswahili na Kifaransa; sheria ya elimu ya nchi hiyo ya mwaka 2014 inatambua lugha za taifa na za maeneo katika hatua za mwanzo. Burundi huanza kwa Kirundi. Mwanafunzi aliyefika darasa la tano Goma anaweza, akifika Uganda, kuwekwa darasa la pili au la tatu kwa sababu hawezi kulisoma swali la hesabu lililoandikwa kwa Kiingereza, hata kama hesabu yenyewe anaiweza. Anakaa na watoto wadogo kwake kwa miaka mitatu, akingoja lugha imfikie.

Gharama ya pili hujitokeza mwishoni. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, unaotungwa na Baraza la Mitihani la Uganda, una masomo manne: Kiingereza, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii. Yote hufanywa kwa Kiingereza. Mwanafunzi aliyeingia darasa la saba akiwa na miaka 16 au 17 anashindana na mwenzake wa miaka 13 ambaye amekuwa na Kiingereza tangu chekechea. Kwa msichana wa umri huo, kila mwaka wa ziada darasani huongeza uwezekano wa kuolewa au kubakizwa nyumbani kabla hajafika kwenye mtihani.

Gharama ya tatu ni ya kifedha. Serikali na wafadhili hulipia dawati, mwalimu na chaki mwaka mzima kwa ajili ya mtoto asiyeelewa kinachosemwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, UNESCO, linakadiria kwamba asilimia 40 ya watu duniani hawapati elimu kwa lugha wanayoizungumza au kuielewa.

Ng'ambo ya Kagera

Kikagate ni mji wa mpakani upande wa kusini wa Isingiro. Barabara ya kutoka Mbarara huishia hapo, kwenye Mto Kagera, na ng'ambo ni Murongo, wilaya ya Kyerwa nchini Tanzania. Watu wa kingo zote mbili huuziana ndizi na kuoleana. Lugha ya Kinyambo inayozungumzwa upande wa Tanzania inakaribiana na Runyankore kiasi kwamba wazee husikilizana bila mkalimani.

Shule, hata hivyo, hazifanani hata kidogo. Upande wa Uganda, mtoto huanza kwa Runyankore-Rukiga na kuelekea Kiingereza. Upande wa Tanzania, mtoto wa Kinyambo huanza darasa la kwanza kwa Kiswahili, ambacho kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma tangu mwaka 1967, na lugha ya nyumbani haina nafasi katika ratiba. Mtoto wa Kikagate anaiona lugha ya bibi yake ikiandikwa ubaoni kwa miaka mitatu. Mwenzake wa Murongo haioni kamwe, lakini anapata lugha moja inayomvusha shule ya msingi yote bila kubadilisha njiani.

Kwa wakimbizi, tofauti ni kubwa zaidi. Katika kambi za Kigoma, kama Nyarugusu, Tanzania huwafundisha Warundi kwa mtaala wa Burundi na Wacongo kwa mtaala wa Congo, kwa matarajio kwamba watarudi kwao. Mtoto huhifadhi lugha na cheti cha nyumbani, lakini hujenga mazoea machache na nchi anayoishi. Uganda imechagua kumwingiza mtoto mkimbizi katika shule zake na kumpa cheti chake, na lugha aliyokuja nayo haina mahali pa kuwekwa.

Ushahidi unaonyesha nini?

Hoja kwamba mtoto hujifunza vyema kwa lugha anayoielewa si mpya. UNESCO iliitoa rasmi katika ripoti ya mwaka 1953. Nchini Nigeria, mradi wa Ife ulioanza mwaka 1970 uliwafundisha watoto kwa Kiyoruba kwa miaka sita yote ya shule ya msingi, huku Kiingereza kikifundishwa kama somo. Watoto hao walifanya vizuri kuliko wenzao wa mfumo wa kawaida, na hawakurudi nyuma katika Kiingereza.

Uganda ina ushahidi wake pia. Katika eneo la Lango, kaskazini mwa nchi, wachumi Jason Kerwin na Rebecca Thornton walipima programu ya kusoma kwa lugha ya nyumbani katika darasa la kwanza, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2021. Programu kamili, yenye vitabu, mafunzo na usimamizi wa karibu, iliinua kwa kiwango kikubwa uwezo wa kusoma na kuandika. Toleo lililopunguzwa gharama halikuleta ongezeko la uhakika katika kusoma, na katika uandishi wa juu zaidi lilirudisha watoto nyuma kwa baadhi ya vipimo.

Kwa Nakivale, somo hilo ni la tahadhari. Kubadili lugha pekee hakutoshi. Bila vitabu na bila mwalimu aliyeandaliwa, sera nzuri inaweza kumdhuru mtoto inayekusudia kumsaidia.

Je, Kiswahili ndicho suluhisho?

Katika masoko ya Nakivale, Kiswahili ndicho kinachosikika zaidi pale Mrundi anapouziana na Mcongo au Msomali. Kwa hiyo wapo wanaouliza kwa nini kisiwe lugha ya darasani. Kisheria mlango uko wazi: marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Congo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka huo huo, na Somalia ikafuata mwaka 2024.

Vikwazo viko vitatu. Walimu wa Kiswahili wa shule za msingi ni wachache nchini Uganda, ambako lugha hiyo kwa miongo mingi ilihusishwa na kambi za jeshi na polisi. Pili, Kiswahili anachokuja nacho mtoto wa Kivu, anayesema “batoto” na “mayi”, kinatofautiana na cha vitabuni, na mwalimu asiyelijua hilo ataanza kwa kumsahihisha badala ya kumfundisha. Tatu, Kiswahili kwa wengi ni lugha ya sokoni na barabarani. Kwa mtoto Msomali aliyefika karibuni, au Mnyankore wa kijijini, ni lugha ya pili kama Kiingereza. Kinaweza kuwa daraja kwa kundi kubwa, lakini hakitakuwa lugha ya nyumbani ya kila mtoto.

Kinyarwanda nacho kinafichua kasoro nyingine. Katiba, katika Jedwali la Tatu, inawaorodhesha Banyarwanda miongoni mwa jamii za asili zilizokuwamo Uganda kufikia tarehe 1 Februari 1926, pamoja na Wanyankore, Bakiga na Batwa. Kifumbira kinachozungumzwa Kisoro kinaelewana na Kinyarwanda. Hivyo lugha inayohesabiwa kuwa ya mgeni katika darasa la Nakivale ni lugha ya raia katika wilaya nyingine ya nchi hiyo hiyo.

Kwa nini wazazi wengi huchagua Kiingereza?

Mjini Mbarara, shule nyingi za binafsi hujinadi kwa Kiingereza kuanzia chekechea, na wazazi Wanyankore wenye uwezo huzikimbilia. Mkimbizi anaona hilo. Anajua kwamba mtihani ni wa Kiingereza, na kwamba lugha hiyo inaweza kumfaa mwanawe akipata nafasi ya kuhamia nchi ya tatu. Kumwambia kwamba mtoto aanze na Kirundi kunaweza kusikika kama kumbakiza nyuma.

Ipo pia hofu ambayo haisemwi kwa sauti. Baadhi ya familia zilikimbia kwa sababu ya lugha yao. Miongoni mwa Wacongo wanaozungumza Kinyarwanda au Kinyamulenge, wapo waliowindwa kwa sababu ya lugha hiyo. Fomu ya shule inayouliza lugha ya nyumbani inaweza kusomwa kama fomu inayouliza kabila, na madarasa yaliyotenganishwa kwa lugha yanaweza kurudisha mipaka ambayo watu waliikimbia. Mpango wowote usiozingatia hilo utakataliwa, na kwa haki.

Kutambua lugha maana yake nini?

Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1990, unataka elimu imfundishe mtoto kuiheshimu lugha yake, na unalinda haki ya mtoto wa jamii ndogo au ya asili kuitumia pamoja na wenzake. Hausemi kwamba kila lugha iwe lugha ya kufundishia. Kati ya kuipuuza lugha ya mtoto na kuchapa vitabu vya kiada kwa lugha 10 kuna hatua kadhaa ambazo shule inaweza kuzichukua.

Ya kwanza ni kumpima mtoto anayefika kwa lugha anayoielewa kabla ya kumpangia darasa. Jaribio fupi la hesabu na kusoma kwa Kiswahili, Kifaransa, Kirundi au Kisomali linaweza kumwokolea mtoto miaka miwili au mitatu.

Ya pili ni wasaidizi wa darasani kutoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe. Nakivale haikosi walimu waliofundisha Kivu au Burundi, lakini vyeti vyao havitambuliwi kwa urahisi na Kiingereza chao hakitoshi kwa ajira ya ualimu. Kama wasaidizi wanaolipwa, wanaweza kueleza kwa Kirundi kile ambacho mwalimu amekisema kwa Runyankore, darasa likiwa moja bila kumtenga mtu.

Ya tatu ni kozi za mpito za Kiingereza kwa wanafunzi wakubwa, ili mtoto wa miaka 13 asilazimike kukaa darasa la pili kwa ajili ya lugha tu. Ya nne ni saa chache za kusoma kwa lugha ya nyumbani baada ya masomo, kazi ambayo makanisa, misikiti na madrasa tayari huifanya kwa namna zao. Na ya tano ni kumhakikishia mtoto mwenyeji kwamba Runyankore-Rukiga haitaondolewa ubaoni kwa kisingizio cha kuwasaidia wageni.

Mwaka 2018 Uganda ilizindua mpango wa elimu kwa wakimbizi na jamii zinazowapokea, kufuatia Azimio la Djibouti la nchi za IGAD la mwaka 2017. Mfumo wa kupanga na kuratibu kwa hiyo upo, ingawa fedha za misaada ya nje zimepungua, na shirika la misaada la Marekani, USAID, lililofadhili vitabu vya kusoma kwa lugha 12 za Uganda, lilifunga shughuli zake Julai 2025.

Kati ya hatua hizo tano, ile ya kwanza ndiyo isiyohitaji bajeti kubwa. Inahitaji karatasi moja ya maswali, mtu mmoja anayeijua lugha, na agizo kwa mwalimu mkuu kwamba mtoto asipangiwe darasa kabla hajasikilizwa. Kwa mwanafunzi anayeingia Nakivale wiki hii akiwa na darasa la tano la Goma kichwani, uamuzi huo mmoja unaweza kuamua kama atafika kwenye mtihani wa mwisho au ataacha shule njiani.